Je, kumwamini Mungu mmoja ndiko kulikoiponza Rwanda?

Bukoba

Kwako rafiki yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe pamoja na watu wote wa nyumbani kwako. Sisi huku hatujambo. Barua yako ilinifikia salama, na kama nimekawia kuijibu ni kwa sababu haikuwa barua ya kujibiwa kwa haraka. Unasema kwamba imani ya Mungu mmoja imeiletea dunia madhara mengi kuliko manufaa, na kwamba kosa limo ndani ya imani yenyewe, kwa kuwa mtu anayeshika kwamba Mungu ni mmoja na haki ni moja hakawii kujiona yeye ndiye mwenye haki hiyo peke yake. Umenitajia Vita vya Msalaba, ambavyo Wakristo wa Ulaya walipigana na Waislamu kwa ajili ya Yerusalemu, umenitajia pia msitu wa Shakahola kule Kenya, ambako watu walifunga kula hadi kufa. Mimi sitakwenda mbali hadi Yerusalemu. Nitabaki kwa jirani zetu wa Rwanda, ambao mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari ambamo Wahutu wenye siasa kali waliwaua Watutsi, mto Kagera ulituletea maiti zao hadi Ziwa Victoria.

Nikubali kwanza lile ambalo hakuna mwumini mwungwana awezaye kulikana. Karibu watu tisa katika kila kumi wa nchi ile walikuwa Wakristo, na mfalme wao Mutara Rudahigwa aliiweka nchi nzima chini ya Kristo Mfalme mwaka 1946. Tarehe 16 Aprili 1994, kanisa la Nyange liliangushwa kwa tingatinga likiwa na watu wasiopungua 1,500 ndani yake, na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilithibitisha kwamba padre wa parokia hiyo, Athanase Seromba, aliridhia jambo hilo na hata kumwonyesha dereva upande wa jengo uliokuwa dhaifu. Siku hiyohiyo, ambayo ilikuwa Jumamosi, Wasabato waliokimbilia kwenye kanisa na hospitali yao ya Mugonero walishambuliwa. Wachungaji waliokuwa miongoni mwao walikuwa wamemwandikia kiongozi wao, Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, wakimwomba awaombee kwa wakubwa. Naye alihukumiwa Arusha mwaka 2003 kwa kusaidia mauaji ya kimbari.

Lakini kuna jambo ambalo hukuligusa, na kwangu mimi ndilo zito zaidi. Watu wale hawakukimbilia makanisani kwa kubahatisha. Katika machafuko ya mwaka 1959 na ya miaka iliyofuata, Watutsi waliposhambuliwa, waliofika misheni kwa kawaida walisalimika, kwa sababu wauaji waliogopa kuingia nyumba ya Mungu, na habari hiyo ikabaki katika familia, wazee wakiwasimulia vijana mahali pa kukimbilia siku mbaya ikirudi. Iliporudi, wakajikusanya wenyewe Ntarama, Nyamata, Nyarubuye na kwingineko, wakiwa na watoto wao na magodoro yao, na wauaji hawakuhitaji kuwatafuta. Yaani wema uliotendwa kwa kweli miaka thelathini na mitano nyuma ndio uliowakusanya. Sasa niambie, rafiki yangu, wema huo tuuhesabu upande gani? Nimejaribu kuuweka huku na kule, na kila ninapouweka naona nimewadhulumu waliokufa.

Ninapoachana nawe ni kwenye chanzo. Kama ubaya wa kumwamini Mungu mmoja ni kumchukia anayeabudu kwingine, Rwanda haikupaswa kuwa mfano wako, kwa maana aliyeua na aliyeuawa walisali sala moja, wengine katika benchi moja. Kilichowagawa kilikuwa kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho, na hapo Kanisa lina deni lake, ila deni hilo ni la namna nyingine. Mwaka 1930 Askofu Léon Classe aliwasihi Wabelgiji, waliokuwa wakiitawala nchi, wasiwaondoe machifu wa Kitutsi. Mwaka 1959 Askofu André Perraudin, katika waraka wake wa Kwaresima, alieleza dhuluma za nchi ile kwa tofauti za asili za watu, wakati ambapo mapadre wengi wa kizungu walikuwa wamekwisha kuhamia upande wa Wahutu. Baadaye Askofu Mkuu Vincent Nsengiyumva alikaa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala. Upande uliopendelewa ulibadilika. Mazoea ya kuketi karibu na kiti cha mtawala hayakubadilika.

Waangalie Waislamu wa huko, waliokuwa wachache sana na ambao wenzao waliwaita Waswahili. Walikuwa mbali na serikali na mbali na shule nzuri, na wengi wao waliwaficha jirani zao bila kuuliza kabila. Ningependa kuishia hapo, maana ingenifurahisha kukupa mfano safi, lakini Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililochapisha zile Amri Kumi za Wahutu, za kuwachochea Wahutu dhidi ya Watutsi, mnamo Desemba 1990, naye alikuwa Mwislamu. Na Zura Karuhimbi, bibi kizee wa Ruhango aliyewaokoa watu wengi, aliwafukuza wauaji kwa kuwatishia mizimu, wala hakutumia Biblia wala Kurani.

Hata hivyo yuko Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, mtumishi wa Kanisa na Mhutu kwa kabila, aliyewahifadhi Watutsi katika nyumba aliyoisimamia. Kaka yake, aliyekuwa kanali wa jeshi, alimtaka aondoke ili apone, naye akamjibu kwamba hawezi kuwaacha watu arobaini na tatu aliokuwa nao. Akauawa pamoja nao. Mwanamke huyu aliichukua imani ya Mungu mmoja kwa maana yake kamili: juu ya kanali, juu ya chama na juu ya kabila yuko mmoja tu wa kutiiwa. Wakristo wengine wengi waliikiri imani hiyohiyo kila Jumapili, kisha wakamtii burugumasta, yaani mkuu wa serikali wa mahali pao.

Kwa hiyo ninakubali nusu ya neno lako. Kanisa kama taasisi, katika Rwanda ya karne ile, lilidhuru kuliko lilivyofaa, na shule na zahanati zote lilizojenga hazinifanyi niseme vingine. Ninachokataa ni kwamba lilidhuru kwa sababu liliamini Mungu mmoja, kwa kuwa ninaona lilidhuru pale lilipomwekea Mungu huyo mshirika aliyevaa sare.

Shakahola ndiko ninakoshindwa kukujibu vizuri. Kule hakukuwa na kabila wala serikali ya kusingiziwa, na miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, ya watu walioambiwa kwamba wakifunga kula hadi mwisho watamwona Yesu. Niandikie unavyolifikiria hilo, kwa sababu hapo naona hoja yako ina miguu kuliko katika Vita vya Msalaba. Msalimie sana mama.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.