Ile klozi ya kukataza konkiransi (kushindana na patro wa zamani) mu kontra ya batumishi benu, mara mingi haina nguvu

Mutumishi wako wa zamani amefungua atelie yake mu Kampemba, komini ya Lubumbashi, mbali kidogo na yako, anapiga simu kwa bakliya bako moja moja, anabapa bei ya chini kidogo kuliko yako, na bei yako anaijua vizuri juu yee mwenyewe njo alikuwa anaandika badevi, zile karatasi za bei munapelekea bakliya. Unakuya kwetu, sisi tunaosoma na kuandika kontra za kazi, na hasira, unatosha kontra mu farde, unatuonyesha saini yake: alikubali myaka mitano asitumike kazi ya kutengeneza bapompe mu Katanga yote. Na sisi tunalazimika kukuambia kama ile karatasi haitakusaidia sana.

Juu gani? Kode ya kazi ya Kongo, ile loi 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, mu artikle 53 inasema wazi kabisa: klozi inayomukataza mutumishi kufanya kazi ya kushindana na patro wake wa zamani nyuma ya kontra kuisha, ikuwe kazi yake mwenyewe ao kwa patro mwingine, haina nguvu. Hiyo njo kanuni, na saini haibadilishe kitu. Kisha artikle ile ile inaacha nafasi mu hali mbili tu. Ya kwanza, ulimufukuza juu alifanya kosa nzito, ile tunaita fote lurde. Ya pili, yee mwenyewe njo alivunja kontra bila wewe patro kuwa na fote lurde. Na hata mu hali zile mbili, lazima akuwe anajua bakliya bako ao siri zako za biashara kiasi kwamba anaweza kukuumiza vikali, lazima katazo liguse tu kazi ile alikuwa anafanya kwako, na lisipite mwaka 1 tangu siku kontra iliisha.

Kwa hiyo ile myaka mitano ni bure. Na kama kazi za mine zilipungua, sawa vile serikali iliposimamisha kobalti kutoka inje ya inchi mu Februari 2025, na ukapunguza batu, ule mutu uliyemupunguza hana fote na hakuondoka kwa mapenzi yake, basi yuko huru kwenda kutumika kwa konkira wako kesho asubui. Na kama alikuwa na fote lurde ya kweli lakini hukumuandikia barua ya kumufukuza mu siku 15 za kazi tangu ulipojua ile mambo, sababu yako yenyewe inakuwa na matatizo.

Kuna ingine bapatro habaipendi kusikia lakini tutaisema. Kukata mushahara ya mutu bila haki ni fote lurde ya patro. Mutumishi akiondoka juu ya ile, klozi yako inaanguka pamoja naye. Tunaona makampuni zinalipa nusu mushahara, zinachelewesha, kisha zinashangaa mutu anaondoka na bakliya, na mbele ya tribinali ya kazi ni yee njo atakuwa na maneno ya nguvu.

Mingi ya zile klozi mubaya zinatoka mu ma-modeli ya intaneti. Mutu anachukua kontra ya Ufaransa, anabadilisha jina la muji, anasainisha. Lakini kule Ufaransa, tangu Cour de cassation, tribinali yao ya juu, ilipoamua mu Julai 2002, ile katazo haina nguvu kama mutumishi halipwi kitu juu yake. Kule California mu Marekani ndiyo kabisa, sheria yao inazikataa tangu 1872. Kila inchi na sheria yake, na ya kwetu iko na artikle moja tu fupi, isomeni mbele ya kukopya ya bengine.

Sasa habari njema, na ni hapa tunaomba mutulie kidogo. Kukataza mutu kutumika ni kitu kimoja, kumukataza kutosha siri yako ni kitu kingine. Sheria inamulazimisha mutumishi kuchunga siri za kutengeneza na za biashara za patro, na pale unaweza kujikinga vizuri zaidi, hata kwa mutu uliyemupunguza. Lakini siri gani? Ufundi wa mikono ya mutu si siri yako. Namna ya kufungua pompe, kubadilisha rulema, kulehemu, hata kama alijifunzia kwako, ni yake, atakufa nayo. Siri ni ile kitu inakuletea faida juu bengine habaijue, na wewe unaichunga kweli: liste ya bakliya na namba za bakubwa ba ashati (benye kununua) mu kampuni za Kolwezi na Likasi, bei unanunua vipuri ku Zambia na kwa nani, kiasi cha faida unaweka juu ya kila devi, ao kama unapika mukate, vipimo vya unga na levire (hamira), ao kama unafanya rangi, namna unazichanganya. Kama ile liste inalala juu ya meza na kila mutu anaipiga foto, jije atakuuliza siri iko wapi, na atauliza na haki.

Kitu tunakuta karibu kila pahali ni telefone. Bakliya banaandika ku WhatsApp ya komersiale (mutumishi mwenye kuuza), ku namba yake mwenyewe, ile alinunua na jina lake, na siku anaondoka, anaondoka na mazungumuzo yote, badevi yote, foto za mashini yote. Hakuna avoka anaweza kurudisha ile. Nunueni sim kwa jina la kampuni, muweke WhatsApp Business pale, na telefone ibaki ku byuro magaribi. Ni falanga kidogo sana. Mbele ya klozi yoyote, sisi tunaanza na ile.

Kisha gawanyeni siri kati ya batumishi. Mwenye kununua asikuwe tena yee mwenye kujua bei ya kuuza. Mwenye kupima unga asipewe jina la mwenye kuuza levire kama haina lazima. Mo de pase ya kompyuta kila mutu na yake, na ibadilishwe siku ile ile mutu anatoa barua.

Na angalieni wakati wa preavi, zile siku za kazi kati ya barua ya kuondoka na mwisho wa kontra. Fundi wa myaka 6 akitaka kuondoka anawapa preavi: ya patro ingekuwa siku 14 za kazi na 7 kwa kila mwaka, ni 56, na ya mutumishi ni nusu, ni 28. Ni zile siku 28 njo bintu binatoka. Mupeni kazi ya kumalizia na kufundisha mwenzake, mumutoshe mu bei na mu bakliya bapya, bila kumunyanyasa, na mwisho fanyeni remizi na reprizi (kurudisha na kupokea bintu vya kazi) ya maandishi, kitu kwa kitu, na saini mbili.

Kuhusu peni ya falanga mu klozi, ile mutumishi analipa akivunja katazo, sheria inakubali kuiweka, lakini mukiandika 50.000 dola kwa mutu wa mushahara ya 300, mutumishi akilomba, tribinali itaishusha kwa kiasi cha haki. Andikeni kiasi munaweza kueleza. Na mujue munapita kwanza ku enspeksyo ya kazi, ofisi ya serikali, kwa kujaribu kupatana, tribinali ni kisha.

Sisi tunasoma kontra zenu, tunatosha ile haina nguvu, tunaandika klozi ya siri inayotaja siri zenu zenyewe kwa majina, na tunakaa na mweye saa moja ao mbili kuandika nani anajua nini mu kampuni. Kuyeni na kontra za sasa, na liste ya nani anashika funguo na mo de pase. Kama mutu ameisha kutoa barua, kuyeni mbele ya remizi na reprizi.