Wanandoa na upasuaji wa kupunguza uzito: safari moja, mafaili mawili

Mhariri,

Habari za mume na mke waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito pamoja huchapishwa kwa picha mbili, ya kabla na ya baada, na katika ile ya pili mmoja wao huwa amevuta mbele kiuno cha suruali yake ya zamani kuonyesha nafasi iliyobaki. Baina ya picha hizo kuna mwaka mmoja na nusu usiosimuliwa. Sisi tunaowahudumia wagonjwa hawa, kabla ya kisu na baada yake, tunaomba nafasi tuueleze, hasa kwa ajili ya wanandoa waliokwisha kukata shauri kulazwa siku moja. Tunawasihi wasifanye hivyo.

Nia yao hatuipingi. Mwaka 2007 watafiti waliopitia kumbukumbu za watu zaidi ya 12,000 wa mradi wa Framingham, Marekani, zilizokusanywa kwa miaka 32, walikuta kwamba mmoja wa wanandoa akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa mwenzake kufika huko hupanda kwa asilimia 37. Chungu ni kimoja, saa ya kulala ni moja. Kuwatibu wote wawili kuna maana kuliko kumtibu mmoja kisha kumrudisha kwenye sahani zile zile.

Ila vigezo haviazimwi. Kwa miaka mingi madaktari walifuata mwongozo wa Marekani wa 1991: BMI, yaani kilo za mtu zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake wa mita, ifike 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 chama cha Marekani cha upasuaji huu na kile cha kimataifa vilishusha kiwango: 35 hata bila maradhi, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Mume mwenye 44 na mke mwenye 31 asiye na kisukari hawamo katika foleni moja, hata kama hamu yao ni moja. Na hamu yenyewe ipimwe. Kila mmoja ahojiwe peke yake, mlango umefungwa, aulizwe kama angefanya upasuaji huu iwapo mwenzake angeghairi leo. Anayejibu kwamba asingefanya bado hajaridhia; anasindikiza.

Kisha linakuja ombi la "nifanyieni ule ule wa mwenzangu". Upasuaji hauchaguliwi hivyo. Katika sliivu, daktari huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba mfano wa ndizi. Sehemu inayoondoka ndiyo hutengeneza kwa wingi grelini, homoni ya njaa. Katika baipasi, hutengenezwa kifuko cha mililita 30 hivi kilichounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka mfuko uliobaki na mwanzo wa utumbo. Mwenye kiungulia kikali huweza kuzidiwa baada ya sliivu, hivyo mara nyingi huelekezwa kwenye baipasi. Mwenye maumivu ya viungo asiyeweza kuishi bila diklofenaki au ibuprofeni huogopewa baipasi, maana dawa hizo, sawa na tumbaku, huleta vidonda pale kifuko kinapoungana na utumbo. Wanandoa wanaweza kabisa kutoka na upasuaji wa aina mbili, na hapo hata vidonge vya vitamini na madini watakavyomeza maisha yao yote havitafanana.

Sasa tarehe. Mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka wodini haruhusiwi kuinua kitu kinachozidi kilo 5 hivi kwa wiki 4 hadi 6. Haendeshi gari wakati anatumia dawa kali za maumivu. Lazima ainuke na kutembea mara nyingi kwa siku ili damu isigande miguuni, na wengi hurudi nyumbani na sindano za kuzuia kuganda huko. Lazima anywe angalau lita 1.5 kwa siku kwa mikupuo ya funda moja moja, kazi inayomaliza mchana mzima. Nani atabeba ndoo, nani atambeba mtoto anayelia usiku, nani atamkumbusha sindano? Mgonjwa wa pili kitandani hawezi kuwa muuguzi wa yule wa kwanza.

Kubwa zaidi ni dalili za hatari. Mshono wa sliivu ukivuja, huvuja zaidi sehemu ya juu, karibu na unapoingilia umio, na mara nyingi ni siku kadhaa baada ya mgonjwa kuwa nyumbani. Maumivu ya tumbo yanaweza kuwa madogo tu. Kinachotangulia huwa ni mapigo ya moyo yanayobaki juu ya 120 kwa dakika mtu akiwa amepumzika, pumzi za haraka, homa, maumivu ya bega la kushoto, na wasiwasi ambao mgonjwa mwenyewe hawezi kuueleza. Donge la damu likifika mapafuni huleta kukosa pumzi kwa ghafla na maumivu ya kifua. Vifo katika siku 30 za kwanza ni vichache, karibu 1 kati ya wagonjwa 1,000, na uchache huo unategemea sana mtu kurudishwa hospitali mapema. Anayeziona dalili hizi mapema ni mtu mzima wa afya aliye pembeni. Wagonjwa wawili wakiwa chumba kimoja hupimana: mmoja analalamika, mwingine anajibu "hata mimi naumwa hivyo hivyo", na wote wanaamini ni maumivu ya kawaida ya kidonda. Jibu hilo moja linaweza kula usiku mzima.

Ushauri wetu ni wiki 6 hadi 8 kati ya upasuaji wa kwanza na wa pili. Muda huo humvusha wa kwanza kipindi cha kuvuja, humrudishia ruhusa ya kuinua vitu, na humfikisha kwenye chakula laini au cha kawaida. Atangulie ambaye ugonjwa wake hausubiri. Kama wako sawa, sisi tunapendelea atangulie mpishi wa nyumba, kwa sababu atakapompikia mwenzake atakuwa ameshajifunza hatua zote kwa tumbo lake mwenyewe. Na kwa kila mmoja awepo mtu wa tatu, ndugu au rafiki, kwa siku 10 za mwanzo, akiwa na saa ya kuhesabia mapigo, kipimajoto na namba ya simu ya wodi.

Maandalizi nayo yana mtego. Wiki 2 kabla ya upasuaji mgonjwa hula chakula cha nguvu ndogo, kwa kawaida kilokalori 800 hadi 1,200 kwa siku. Lengo hapa ni ini. Sehemu ya kushoto ya ini hufunika mfuko wa chakula, na ini likijaa mafuta daktari hushindwa kulisogeza, au akilisogeza hutoa damu. Mwenye kisukari akianza mlo huo na dozi yake ya zamani ya insulini, sukari hushuka hadi kumwangusha. Dozi zipangwe upya kabla ya siku ya kwanza. Vidonge vinavyotoa sukari kwa mkojo, kama dapagliflozini na empagliflozini, husimamishwa siku kadhaa kabla, maana vikikutana na kufunga kula huweza kuleta sumu ya ketoni, yaani damu kujaa asidi, hata kipimo cha sukari kikiwa hakitishi. Sigara iachwe angalau wiki 6 kabla, na iachwe na wote wawili, kwani anayevuta ukumbini humwachia mwenzake majaribu mezani.

Baada ya upasuaji, jikoni ndiko wanandoa wanakokwama. Siku za mwanzo ni maji na vinywaji vyepesi, kisha vinywaji vizito vyenye protini hadi wiki ya 2, vyakula vilivyosagwa wiki ya 3 na 4, vilivyolainishwa wiki ya 5 na 6, ndipo vya kawaida. Ratiba hutofautiana kidogo kati ya kliniki na kliniki, na mgonjwa afuate ya kwake. Kosa tunaloliona zaidi ni mmoja kula hatua ya mwenzake: aliye wiki ya 2 anaonja cha aliye wiki ya 6, tonge linakwama, anatapika, na kutapika huko kunavuta mshono ambao haujapona. Sufuria zitenganishwe. Vikombe viwekwe alama ya mililita, rangi tofauti kwa kila mtu. Protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku, iliwe kwanza, vingine vifuate. Maji yasinywewe pamoja na chakula. Anywe nusu saa baadaye. Mlo uchukue dakika 20 au zaidi, na hapa wanandoa wana faida kubwa: anayezungumza na mwenzake mezani hutafuna taratibu kuliko anayekula peke yake.

Kutapika kunakoendelea kwa siku 2 au 3 si jambo la kuvumilia. Akiba ya vitamini B1, yaani thiamini, huisha mwilini ndani ya wiki chache, na ikiisha mtu huanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa, na ubongo unaweza kudhurika moja kwa moja. Mgonjwa wa namna hiyo hupewa thiamini kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu sukari humalizia ile kidogo iliyobaki. Anayempeleka hospitali awaambie mlangoni kwamba amepasuliwa tumbo la chakula. Daktari wa zamu asipojua, hatafikiria B1.

Vidonge vya maisha ndivyo vinavyosahaulika picha ikishapigwa. Vitamini B12 kwa mdomo, mikrogramu 350 hadi 1,000 kila siku, au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, igawanywe, kwani mwili haupokei zaidi ya 500 au 600 kwa mkupuo. Kalsiamu sitreti ni bora kuliko kaboneti, ambayo huhitaji asidi ya tumbo lililokwisha kupunguzwa. Vitamini D uniti 3,000. Madini ya chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi. 18 humtosha mwanamume asiye na dalili za upungufu. Chuma na kalsiamu viachane kwa saa 2, la sivyo kimoja humzuilia mwenzake njia. Mume na mke wanaonunua chupa moja ya vidonge na kugawana sawa huishia mmoja akiwa na upungufu wa damu. Masanduku mawili ya dawa, majina mawili. Na dawa za presha au kisukari ambazo mmoja ameachishwa asipewe mwenzake "zisiharibike".

Kuna jambo ambalo wanandoa hawaambiwi mapema: uwezo wa kushika mimba hurudi haraka, hasa kwa mwanamke ambaye hedhi yake ilivurugwa na unene, na mwanamume anayepungua naye homoni zake hupanda. Mimba iahirishwe kwa miezi 12 hadi 18, wakati mwili bado unapungua kwa kasi na akiba ya vitamini ni ndogo. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi baada ya baipasi. Kitanzi au kijiti ni salama zaidi. Mazungumzo hayo yafanyike na wote wawili kabla ya upasuaji wa kwanza.

Mizani. Mume wa kilo 150 akipoteza asilimia 30 ametoa kilo 45. Mke wa kilo 100 akipoteza asilimia 30 hiyo hiyo ametoa 30. Wamefanya kazi sawa, lakini mizani ya nyumbani inamwambia mke ameshindwa, na anayeamini ameshindwa huacha kuja kliniki. Wahesabu kwa asilimia, wapime mara moja kwa wiki, na kila mmoja awe na daftari lake. Wapo ambao sliivu huwapa asilimia 25 hivi na baipasi karibu 30, kwa hiyo hata asilimia zisifanywe mashindano.

Pombe baada ya baipasi huingia kwenye damu kwa kasi na kwa kilele cha juu zaidi. Glasi moja hufanya kazi ya kadhaa. Hatari ya ulevi wa kupindukia huonekana zaidi mwaka wa 2, wakati hakuna tena anayewaangalia. Nyumba iliyofanya chakula kuwa faraja ya wawili inaweza kuihamishia faraja hiyo kwenye chupa bila yeyote kuona, maana shahidi naye anakunywa.

Kuhusu ndoa yenyewe, utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji huu wakiwa na wenza waliachana zaidi kuliko wanene wasiofanyiwa, na waliokuwa peke yao walioa na kuolewa zaidi. Mtu akibadilika mwili, hubadilika pia anavyokataa na anavyodai. Wanandoa waliopita njia moja wana lugha moja ya kuyazungumza hayo, na hilo ni la thamani. Lakini kliniki iwape pia nafasi ya kuonana na mshauri kila mmoja kivyake, mwezi wa 3, wa 6 na wa 12.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Mara nyingine wanandoa wakikuletea picha zao mbili, mwandishi wako awaulize: mlipishana wiki ngapi, nani alikuwa mtu wa tatu, leo asubuhi mmemeza vidonge gani, na damu yenu ilipimwa mara ya mwisho lini. Majibu hayo yachapishwe chini ya picha.

Ni sisi, wauguzi na wataalamu wa lishe wa kliniki ya upasuaji wa kupunguza uzito.