Kifaa kimoja cha maonyesho hakijawa biashara

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka, wanafunzi wa politekniki na wa taasisi za ufundi hapa Lubumbashi humaliza masomo kwa kubuni vifaa, na vingi vinafanya kazi kweli. Wageni wanapiga makofi, jopo linatoa alama, kifaa kinarudi kabatini. Ukiuliza kwa nini hakijafika sokoni, utaambiwa hakuna pesa. Sisi tulio katika kazi ya elektroniki tunaona tatizo linaanza kabla ya pesa: hakuna anayefanya kazi ya kutoka kwenye kifaa kimoja hadi vifaa 50 vilivyoundwa na mikono mingine, vyote vikifanya kazi sawasawa. Kazi hiyo haina alama chuoni, kwa hiyo haina mwenyewe.

Tuchukue kinga ya friji, kifaa ambacho mama anayeuza samaki wa barafu katika mitaa ya Kenya au Katuba hapa mjini anakihitaji leo. Umeme wa 220 V ukishuka chini ya 185 V hivi, mota ya friji inashindwa kuanza, inavuta umeme mwingi, na waya zake zinaungua. Kifaa kinapima, kinakata, na umeme ukitengemaa kinasubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kuurudisha, maana mgandamizo wa gesi lazima ushuke kwanza, la sivyo mota inakwama tena. Kiurudishe kwenye 195 V, si 185, ili kisiwe kinakata na kuwasha ovyo pale mpakani.

Chuoni kifaa hiki huundwa kwa Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), rele (swichi inayoendeshwa na umeme) ya ampea 10 (A) na chaja ya simu iliyofunguliwa. Mbele ya jopo hakikosei, kwa sababu kilichofungwa upande wa pili ni balbu. Friza ni jambo jingine. Mota inapoanza huvuta mara 5 hadi 8 ya umeme wake wa kawaida. Friza ya 2.5 A itavuta 12.5 hadi 20 A kwa muda mfupi. Ncha za rele ya 10 A zitatoa cheche kila mara, na siku moja zitagandana. Hapo taa nyekundu itaonyesha kwamba umeme umekatwa, na kumbe bado unapita. Weka rele ya 30 A, kisha iache iwashe na kuzima mota halisi maelfu ya mara kabla hujaiamini.

Kosa linalofuata halionekani kabisa ukiwa na kifaa kimoja. Ili kupima volti, kifaa hugawa umeme kwa rezista, yaani vipande vidogo vinavyozuia umeme. Rezista za bei rahisi hukosea hadi 5%, na mbili zikikosea pande tofauti, kifaa kimoja kitasoma 220 V kama 200, cha pili kama 240. Mwanafunzi hubadilisha namba ndani ya programu mpaka chake kisome sawa, lakini namba ile ni ya kifaa kile tu. Ukiinakili kwenye vifaa 50, vingine vitakata umeme mzuri na vingine vitaacha friji iungue. Kwa hiyo kila kifaa lazima kipite kwenye meza ya vipimo: kipewe 180 V, kisha 250 V, kutoka kwenye transfoma ya kurekebishika, ambayo volti zake hupandishwa na kushushwa kwa mkono, na namba zake ziandikwe katika kumbukumbu yake. Meza ikiandaliwa vizuri ni kazi ya dakika moja. Tumia rezista za 1%, na upande wa umeme mkubwa zipange tatu kwa mfululizo, kwa sababu moja ndogo peke yake huharibika volti zikipanda.

Halafu kuna waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme. Ukikatika kwenye nguzo, nyumba inaweza kupokea karibu 380 V mpaka fundi afike. Varista ya 275 V, kipande cha kinga ndani ya kifaa, inameza mishtuko mifupi ya radi. Kwenye 380 V za kudumu itawaka moto. Fyuzi ikae mbele yake, na boksi liwe la plastiki isiyoshika moto. Njia za umeme mkubwa kwenye bodi zikae angalau milimita 6 mbali na za volti 5, maana vumbi jekundu la kiangazi cha hapa likipata unyevu wa mvua za Novemba hupitisha umeme. Kapasita za elektroliti (vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda) ziwe za kuhimili joto la nyuzi 105, si 85. Chini ya bati la duka mchana, tofauti hiyo ni miaka.

Bei nayo hukosewa vibaya. Tuseme vipande vyote ni dola 9. Ongeza usafiri, ushuru, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%, mkono wa fundi, boksi, vifaa vilivyokataliwa mezani na vile vitakavyorudishwa ndani ya dhamana: kifaa kinafika dola 15 au 16 kabla hakijatoka mlangoni. Mwenye duka anataka faida yake, na kampuni lazima ipate ya kuagizia mzigo unaofuata. Chini ya dola 30 haiwezekani. Anayetangaza dola 12 atapata wateja wengi na kufilisika mapema. Tena, mzigo wa kwanza usiumwagie pesa kwenye kalibu ya chuma ya kutengenezea boksi, ambayo hugharimu maelfu ya dola. Hadi vifaa 300 hivi, nunua boksi tayari uzitoboe.

Vipande vikiagizwa Shenzhen, China, mara nyingi muuzaji hudai 30% ya malipo kwanza na 70% kabla mzigo haujaondoka. Kisha bahari hadi Dar es Salaam, lori hadi Tunduma, Zambia yote, na foleni ya Kasumbalesa. Pesa imelala njiani miezi kadhaa kabla ya kuuza hata kifaa kimoja, na ndiyo maana mkopo unaolipwa kuanzia mwezi wa kwanza huua kampuni za namna hii. Hata kwa wenye nacho, njia ni ndefu: E Ink, kampuni ya kioo kinachoonekana kama karatasi, ilitoka kwenye maabara ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1997, na Kindle, kifaa cha kusomea vitabu kilichofanya kioo hicho kijulikane na wengi, kilitoka mwaka 2007.

Kuna pia suala la nani mwenye kifaa. Nchi yetu, Kongo (DRC), ina sheria ya mali ya viwanda, inayolinda uvumbuzi, tangu 1982, lakini haisaidii kama mwanafunzi, profesa na chuo hawajaandikiana. Karatasi mbili zinatosha: nani anamiliki, chuo kinapata asilimia ngapi ya mauzo, na nini kinatokea mmoja akiondoka. Zisainiwe kabla ya maonyesho, maana katika nchi nyingi uvumbuzi ulioonyeshwa hadharani kabla ya kuombewa hati ya umiliki hupoteza haki ya kuipata.

Tunaomba wakuu wa vyuo vyetu watoe alama kwa mwanafunzi anayechukua kifaa cha mwaka uliopita, akaunda 50, na kuandika kila kilichoharibika na sababu yake. Hiyo ni kazi ya mwisho wa masomo iliyo kamili. Na wamwekee chumba chenye transfoma ya kurekebishika, osiloskopu (chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme), sanduku la joto na kompresa kuukuu tatu za kufanyia majaribio. Kiwe wazi pia kwa waliokwisha kupata diploma, kwa sababu wengi wao ndio wenye muda na haja ya kuendelea hadi sokoni.

Mafundi na watafiti wa elektroniki,
Lubumbashi