Barua ya wazi: Asilimia 10 ya dharura kwa kitu ambacho hakijawahi kujengwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: FUNGU LA DHARURA KATIKA MIRADI YA MAABARA NA MITAMBO YA UTAFITI

Mheshimiwa Waziri,

Kwa umri pengine wewe ndiye ungeniamkia, lakini kwa cheo naanza mimi. Shikamoo.

Mimi ni mkadiriaji majenzi mstaafu. Nimehesabu nondo na mifuko ya saruji hapa Dodoma tangu enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mstari niliouandika mara nyingi kuliko wowote ni ule wa mwisho kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei za mradi: "Dharura, asilimia 10," fedha ya kusubiri yasiyotarajiwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini kumi, nami sikuwahi kujiuliza.

Aliyeniuliza ni mjukuu wangu, anayesoma fizikia UDOM. Likizo iliyopita alinisimulia kuhusu mitambo ya kuunganisha viini vya hidrojeni, kazi ambayo jua hufanya kila siku bila mkandarasi. Gesi hupashwa moto hadi nyuzi milioni 100 na zaidi, ikashikiliwa hewani kwa nguvu ya sumaku ili isiguse ukuta. Katika mitambo mingine sumaku hizo hupoozwa hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri, na kati yake na ule moto hakuna hata umbali wa chumba kimoja. Nikamwambia hiyo ni kazi ya wenye fedha. Akajibu, "Babu, hao wenye fedha nao walikwama kwenye BOQ."

Kweli walikwama. Princeton, Marekani, walianza kujenga mtambo ulioitwa NCSX. Ulikuwa na sumaku 18 zilizopindwapindwa, na kila moja ilitakiwa ikae mahali pake kwa kosa dogo mno. Gharama iliyokubaliwa ilifika dola milioni 102. Kufikia 2008 makadirio yalikuwa dola milioni 170, na tarehe ya kumaliza ilikuwa imekimbilia 2013. Mei 2008 Wizara ya Nishati ya Marekani ikaufunga mradi wakati sumaku zenyewe zilikuwa zimekwisha kutengenezwa. Waliotathmini baadaye walikiri kwamba bei na ratiba vilifungwa kabla michoro haijaiva. Yaani walitaja bei ya nyumba wakati fundi bado anajifunza kupinda bati.

Wajerumani walipita njia hiyohiyo ila wakatokea upande wa pili. Mtambo wao wa Wendelstein 7-X, kule Greifswald, ulipangwa kukamilika 2006. Una sumaku 70, na 50 kati ya hizo zina umbo ambalo hata mhunzi angekataa kazi. Ulipochelewa, waliupanga upya mradi mzima, wakaongeza wahandisi, na sehemu moja ngumu, ile ya kupokea joto kali kwa kupoozwa na maji, wakaiahirisha wakaanza na iliyo rahisi. Wakasogeza tarehe ya kumaliza ujenzi hadi 2014 na safari hii wakaitimiza. Plazma ya kwanza, yaani ile gesi iliyopashwa moto, iliwaka tarehe 10 Desemba 2015. Sisi wa Dodoma tusiwacheke kwa miaka hiyo: uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973 kwa mpango wa miaka kumi.

Sasa niseme langu, kwa kuwa la wengine ni rahisi kulisema.

Zamani kidogo nilikadiria maabara ya chuo kimoja, sikitaji. Kulikuwa na mtambo ulioagizwa nje. Dharura ilikuwa asilimia 10 ya jumla yote, na mwezi wa nne ilikuwa imekwisha: uzio ulirefushwa, vigae vya ofisi ya mkuu vikabadilishwa, kila kitu kwa hati ya mabadiliko iliyosainiwa vizuri. Mtambo ulipofika, mlango ulikuwa na upana wa sentimita 90 na kreti sentimita 120. Tukabomoa ukuta. Kisha fundi aliyekuja kuufunga akauliza maji ya kupoozea yanatoka wapi. Tukamwambia kisimani. Akayaonja, akayatema.

Hakukuwa na hata shilingi ya kununua chujio la chumvi. Mtambo ulikaa ndani ya kreti miezi 14, na miezi yote hiyo mlinzi alilipwa, mtaalamu alilipwa, dhamana ya mtengenezaji ikaisha muda wake. Watu hudhani kuchelewa ni hasara ya muda tu.

Mheshimiwa, mimi nilijua habari ya yale maji. Nani asiyejua maji ya visima vyetu? Sikuyaandika, kwa sababu katika kikao cha kwanza mwenzangu aliyetaja habari ya umeme alionekana anakwamisha mradi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi kiliniumbua. Nilipomweleza mjukuu wangu, akanitajia ITER, mtambo mkubwa kuliko yote, unaojengwa Ufaransa na mataifa mengi kwa pamoja. Huko nako mabomba ya kupoozea kwenye ngao ya joto yalikutwa na nyufa, chanzo kikiwa mabaki ya kloridi karibu na sehemu zilizochomelewa. Ikabidi vitu vilivyokwisha kutengenezwa virudi kwa mafundi. Kloridi, Mheshimiwa, ndiyo ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani.

Ninachoomba ni kwamba mradi wenye mtambo ukifika mezani kwako, ukatae mstari mmoja wa asilimia 10. Dai daftari la vihatarishi lenye bei: maji, umeme, forodha, fundi mmoja wa pekee, kila kimoja kitagharimu kiasi gani kikitokea, kitakula siku ngapi, na nani ameshika jukumu lake. Kwa kila kazi mkadiriaji atoe tarakimu tatu, mambo yakienda vizuri, yakienda kawaida, yakiharibika. Kompyuta inaweza kuzichanganya mara elfu kumi kama bahati nasibu, ikakuambia ni kiasi gani kitatosha mara nane kati ya kumi. Na kipande kigumu kuliko vyote kijengwe kwanza kwa mfano, kwa fedha yake, kabla mkataba mkubwa haujasainiwa.

Hazina watasema fedha isiyo na kazi maalumu ni mwanya wa ulaji. Nawaelewa. Ila mwanya wa sasa ni mpana zaidi, kwa sababu asilimia 10 haina jina, na ndiyo maana iligeuka vigae. Fedha iliyoandikwa "chujio la chumvi" ni vigumu kuinunulia uzio, na maji yakitokea kuwa mazuri inarudi ilikotoka.

Daftari la ile maabara nimeliandika sasa, jinsi nilivyopaswa kuliandika wakati ule. Ni kurasa mbili, na maji yako mstari wa kwanza. Nitalileta masjala yako Mtumba wiki ijayo.

Wako mtiifu,

Mkadiriaji majenzi mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma.