Udongo wa kiwanda cha nguzo upimwe kabla viwanja havijauzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu eneo lililokuwa kiwanda cha kutia dawa nguzo za umeme huku kwetu Mufindi, ambalo sasa linapimwa viwanja vya makazi. Kiwanda kilifungwa, mitambo ikang'olewa ikauzwa kama vyuma chakavu. Vigingi vya wapimaji vimeshafika hadi pale lilipokuwa tanki la dawa.

Sipingi watu kujenga. Viwanja vimeadimika na eneo lile liko karibu na barabara. Ninachotaka ni udongo upimwe kwanza.

Waliofanya kazi ya nguzo wanajua. Nguzo ya mti ikikauka huingizwa kwenye tanki, hewa hunyonywa, kisha dawa husukumwa kwa shinikizo mpaka ipenye ndani ya mti. Dawa iliyozoeleka ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Ndiyo inayoipa nguzo ile rangi ya kijani. Nguzo ikitolewa huwa bado inachuruzika. Penye sakafu ya saruji na mifereji, dawa hurudishwa tankini. Pale kwetu ilikuwa inadondokea ardhini, na mpaka leo ukifukua kando ya shimo la tanki unakuta udongo wenye ukijani, na nyasi zimeota kwa mabaka.

Aseniki ni sumu isiyooza. Mvua haiimalizi, huihamisha tu, na inaweza kufika kwenye visima. Anayeinywa kwa miaka mingi hutokwa na madoa, ngozi ya viganja ikakakamaa, na yumo hatarini kupata saratani ya ngozi, kibofu au mapafu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Wala kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, aseniki inabaki palepale.

Kinachoniuma zaidi ni vipande vya nguzo vilivyoachwa pale. Kina mama wanaviokota kwa kuni, wanapikia maharage, na asubuhi majivu yanamwagwa kwenye bustani ya mboga. Kuni hizo zikiungua, sehemu ya aseniki hupanda na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu yale yale. Huko Marekani, watengenezaji waliacha kutia dawa hii kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Sisi hata kibao cha onyo hatujawekewa.

Kusafisha kunawezekana, na huenda si eneo lote lililoharibika. Mahali pa tanki na pa kuanikia nguzo ndipo pa kuanzia. Udongo wenye sumu uchimbwe upelekwe panaporuhusiwa kupokea taka hatarishi. Panaposhindikana pamwagwe zege, pawe pa maghala au gereji, si nyumba zenye bustani na visima. Gharama asibebeshwe mnunuzi wa kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua kuwa anayechafua ndiye anayelipa.

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Mkemia Mkuu wa Serikali wana ofisi za kanda Mbeya. Waombwe waje wachukue sampuli za udongo na za visima vya jirani, majibu yabandikwe ofisi ya mtaa, na hadi hapo uuzaji usimame. Vile vipande vya nguzo visisubiri maabara. Vikusanywe wiki hii, vifungiwe, na kina mama waelezwe sababu.

Mkazi wa Mufindi, Iringa