Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, 3 Desemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa serikali na wa dini,
Wazazi, walezi na wakalimani wetu,
Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya wenzangu nakukaribisha, Mheshimiwa. Kabla sijafika mbali naomba uvumilivu wako. Risala hii nimeiandika kwa nukta nundu, naisoma kwa vidole, na nikiharakisha vidole vinaruka mstari. Mwendo huu utamfaa pia mkalimani wa lugha ya alama aliyesimama kulia kwako, ambaye kwenye shughuli nyingi hurushiwa maneno kwa kasi ya mnadani.

Chama chetu ni cha kujitolea. Kilianza na watu saba tuliokutana kwenye foleni ya uhakiki, kila mmoja amekuja kuthibitisha kwa mara nyingine kwamba ulemavu wake bado upo. Mwenzetu aliyekatwa mguu alimuuliza karani kama kuna aliyewahi kurudi mguu ukiwa umeota. Karani hakucheka. Tulicheka sisi, na katika kicheko kile tukapeana namba za simu. Leo tumo wa kila namna: viziwi, wasioona, wenye ulemavu wa viungo, wenye ualbino, wenye ulemavu wa akili pamoja na wazazi wao.

Mheshimiwa, mlipoingia humu mmepanda vidato vitatu. Miaka ya nyuma mfadhili mmoja, kwa moyo mweupe kabisa, alitujengea pembeni yake njia ya mteremko kwa ajili ya viti mwendo. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Kesho yake mwanachama wetu akajaribu kupanda. Magurudumu ya mbele yakanyanyuka, nusura aangukie kisogo. Tukaenda kupima. Vidato vina kimo cha sentimita 45, na njia ilikuwa na urefu wa mita 1.5. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, maana yake tulihitaji mita 5.4. Ikawa kupanda ni kwa kusukumwa na watu wawili, na kushuka ni kinyumenyume. Tulipolisema hilo tukaambiwa hatuna shukrani.

Neno hilo tumelitafakari sana. Hisani hata ikija imepinda unaipokea na kushukuru. Haki unaichukulia futi kamba.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Ibara yake ya 1 inatueleza kwamba mtu anakwama pale hitilafu ya muda mrefu ya mwili, akili au hisi inapokutana na vizuizi alivyowekewa na wengine. Lakini sheria nyingi za ustawi wa jamii bado zinapima mwili peke yake. Daktari anaangalia mguu, anaandika asilimia, anagonga muhuri. Hakuna anayeuliza kama mtu huyo anakaa ghorofa ya tatu isiyo na lifti, au kama kila safari analipa nauli mbili kwa sababu hawezi kusafiri bila msaidizi. Ibara ya 28 inazitaja gharama hizo zinazotokana na ulemavu, na inataka serikali iwasaidie wale wanaoishi katika umaskini kuzibeba.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi wenyewe, tena si la kujisifu. Mwanachama wetu kiziwi alifika hospitali fulani akiwa mjamzito, ameongozana na binti yake wa miaka tisa. Mkalimani hakuwepo, kwa hiyo daktari alizungumza na mtoto. Ndiye aliyetakiwa kumwambia mama yake kwamba mimba imeharibika. Ishara ya neno hilo hakuijua. Akafanya ishara ya mtoto mchanga, kisha akafanya ishara ya "hakuna". Mama akadhani anaulizwa kama ana mtoto mwingine, akatikisa kichwa, na mtoto akalazimika kurudia.

Tuliposikia habari hiyo tukampeleka pale mkalimani wetu, siku mbili kwa wiki, bila malipo. Tulijiona tumefanya la maana, na kwa wagonjwa lilikuwa la maana kweli. Miezi ikapita. Siku mkalimani alipougua, tukapigiwa simu kwa ukali: "Mkalimani wenu yuko wapi? Wagonjwa wanasubiri!" Mkalimani wetu, Mheshimiwa. Ibara ya 2 ya Mkataba inasema kumnyima mtu marekebisho stahiki, yaani mabadiliko anayohitaji ili apate haki yake sawa na wengine, ni ubaguzi, na ibara ya 9 inataja wakalimani wa lugha ya alama waliosomea kazi hiyo. Deni lilikuwa la hospitali, sisi tukawa tunalilipa kimyakimya hadi mdaiwa akasahau kwamba anadaiwa.

Tangu siku hiyo tumebadili namna ya kujitolea. Tukipeleka mkalimani tunapeleka na barua: huduma hii ni ya miezi sita, ndani ya muda huo tunaomba nafasi hiyo iingizwe kwenye bajeti yenu. Baadhi ya ofisi zimeacha kutualika tangu tuanze barua hizo.

Wenzetu kwingineko wametufundisha. Marekani walipata mwaka 1973 sheria iliyokataza ubaguzi katika shughuli zinazoendeshwa kwa fedha za serikali kuu, lakini kanuni zake zikakaa miaka bila sahihi. Mwezi Aprili 1977 watu wenye ulemavu zaidi ya 100 waliingia katika jengo la serikali jijini San Francisco, wakalala humo zaidi ya wiki tatu, wengine wakiwa mbali na dawa na vifaa vyao. Kanuni zilitiwa sahihi tarehe 28 mwezi huohuo. Mwaka 2013, baada ya vyama vya wasioona kushinikiza kwa miaka, ulipatikana Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za nukta nundu au za sauti bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Mimi ninayesoma kwa vidole sihitaji kuelezwa uzito wake.

Kwa hiyo ombi letu kubwa kwako, Mheshimiwa, halihusu fedha. (Mhazini wetu ameniomba niongeze kwamba fedha nazo hatuzikatai.) Ibara ya 4 ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu inaitaka serikali ishauriane nasi kupitia vyama vyetu wakati sheria na sera zinapotungwa, na ibara ya 33 inataka tushiriki kikamilifu kufuatilia utekelezaji. Kamati inayosimamia Mkataba ilifafanua mwaka 2018 kwamba vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe si sawa na mashirika ya kuwahudumia, na vyama hivyo ndivyo vipewe kipaumbele katika mashauriano. Sisi huitwa mwishoni, rasimu ikiwa imeshachapwa, nayo ikiwa kwa karatasi nisiyoweza kuisoma, kwenye kikao cha saa mbili kilicho ghorofani. Tunaomba tuitwe karatasi ikiwa bado nyeupe. Na pale sheria inapotamka haki, kanuni zake ziwe na tarehe na jina la ofisi inayowajibika, kwa sababu maneno "kadiri hali itakavyoruhusu" tumeyazeekea.

Mheshimiwa, shughuli inayofuata ni ya kwako. Njia mpya ya mteremko imejengwa mlango wa pembeni, na kabla ya saruji kumwagwa fundi alikaa na wanachama wetu wanaotumia viti mwendo. Kimo ni kilekile, sentimita 45. Pamoja na mkasi utakabidhiwa futi kamba. Tunakuomba uanze na futi kamba, upime mwenyewe, na namba utakayoipata uisome kwa sauti ili nasi tusioona tuisikie.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama