Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: kabla ya betri ya moyo, na baada yake

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum.

Tunakuandikia kuhusu wagonjwa ambao moyo wao unapiga polepole mno, wale ambao mwisho wao huwa ni kuwekewa betri ya moyo, kifaa kidogo cha kifuani kinachouamsha moyo kwa umeme. Hatuombi chumba cha upasuaji wa moyo Pemba. Wapo watakaokiomba, na siku yake itafika. Sisi tunaomba vitu vya bei ndogo ambavyo, visipokuwepo, hata chumba hicho hakitawafaa watu: kipimo cha ECG (cha umeme wa moyo) kinachopigwa na kusomwa sawasawa, dawa za mgonjwa kupitiwa kabla hajaandikiwa rufaa, sumaku chache za kupimia betri, na daftari moja la Unguja na Pemba la kumfuata kila mwenye betri mpaka ijulikane kaishia wapi.

Tuanze na seli, maana makosa mengi ya wodini yana asili yake huko. Moyo hausubiri amri ya ubongo ili upige. Katika chumba cha juu cha kulia, pale unapoingilia mshipa mkubwa unaoteremsha damu kutoka kichwani na mikononi, kuna kipande kidogo cha nyama kiitwacho nodi ya sainasi, ambacho Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza walikieleza mwaka 1907. Seli ya kawaida ya msuli wa moyo ikimaliza pigo hutulia kwenye milivolti −90 hivi na kungoja iamshwe. Seli ya nodi haina utulivu huo. Ikishuka hadi karibu −60, milango iitwayo HCN4 hufunguka, sodiamu huanza kupenya ndani, chaji hupanda taratibu hadi kama −40, kisha kalsiamu huingia kwa wingi na pigo likatoka. Kalsiamu inayoachiliwa na maghala ya ndani ya seli nayo husukuma. Mkondo huo wa mwanzo ulielezwa mwaka 1979 na Hilary Brown, Dario DiFrancesco na Susan Noble pale Oxford, na kilichowashangaza wataalamu ni kwamba unafunguka seli inapozidi kuwa hasi, kinyume na mikondo mingi waliyoizoea. Neva ya vagasi, itokayo ubongoni, hukanyaga breki juu ya mkondo huo, adrenalini huuchochea. Nodi ikiachwa peke yake, kwa kijana, hupiga kama mara 100 kwa dakika. Ikinyamaza, au umeme wake ukizuiwa njiani, sehemu za chini hujipigia zenyewe: karibu na nodi ya AV, kituo cha umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, mara 40 hadi 60, na kwenye vyumba vya chini kabisa mara 20 hadi 40. Mtu hawezi kupanda ngazi kwa mapigo 25.

Mlango ule wa HCN4 ulizaa dawa, ivabradini, inayouziba kwa ndani na kupunguza mapigo bila kushusha presha. Jaribio la SHIFT lililotangazwa mwaka 2010, lenye wagonjwa 6,505 ambao moyo wao ulikuwa umeshindwa, lilionyesha vifo vya maradhi ya moyo na kulazwa kwa kushindwa kwa moyo vikipungua kwa asilimia 18. Mwaka 2014 likaja jaribio la SIGNIFY, watu 19,102 wenye mishipa ya moyo iliyoziba lakini moyo haujashindwa. Mapigo yalipungua vile vile. Vifo na mishtuko ya moyo havikupungua. Watafiti waligundua hivyo kwa sababu waliwafuata watu, hawakuridhika na namba ya mapigo. Ndiyo maana katika barua hii tunazungumzia zaidi kufuatilia kuliko kununua.

Sasa wodini. Mzee anaanguka ghafla, anatetemeka kidogo, baada ya sekunde chache anaamka akiwa na akili zake. Nyumbani wanasema shetani, kituoni wanaandika kifafa. Umeme wa vyumba vya juu ukikatika kabisa kufika chini, na sehemu ya chini ikachelewa kujipigia, ubongo hukosa damu na mtu akatetemeka. Anayetazama hawezi kutofautisha. Akipewa karbamazepini kwa kifafa asichokuwa nacho, dawa hiyo yenyewe inaweza kuzidisha kizuizi cha umeme wa moyo. Kwa hiyo ombi la kwanza: asiandikiwe mtu mzima yeyote dawa ya kifafa kabla ya kupigwa ECG.

Kipimo chenyewe si kigumu, lakini kinaharibika kwa mambo madogo. Karatasi iende milimita 25 kwa sekunde, ili mraba mkubwa uwe sekunde 0.2. Gawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya pigo na pigo. Ukiona mawimbi ya vyumba vya juu yakija kila miraba 4, yaani mara 75, na mapigo ya vyumba vya chini yakija kila miraba 9, yaani mara 33, na umbali kati ya wimbi la juu na pigo la chini haueleweki, kizuizi kimekamilika na mgonjwa huyo halali nyumbani usiku huo. Vibandiko vya V1 na V2 huwekwa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kifua. Wengi huvipandisha hadi ya pili, na picha ikadanganya. Waya za mikono zikibadilishana, mstari wa kwanza hupinduka juu chini. Pakiti ya vibandiko ikishafunguliwa, jeli hukauka. Halafu karatasi: ECG nyingi huchapishwa kwa joto, na kwa hali yetu ya hewa maandishi hufifia ndani ya faili mpaka mgonjwa anaporudi mwaka wa pili daktari anakuta karatasi nyeupe. Ipigwe picha siku ile ile, ionekane namba ya faili, tarehe na saa.

Kabla ya rufaa, mfuko wa dawa umwagwe mezani, na usiulizwe tu kwa mdomo. Atenololi, dawa ya presha inayopunguza mapigo, hutolewa mwilini na figo. Figo zikichoka, dozi ya mwaka jana inakuwa sumu mwaka huu. Verapamili na digoksini nazo hupunguza mapigo, na atenololi ikichanganywa na verapamili moyo unaweza kusimama. Matone ya macho ya timololi, ambayo hakuna anayeyataja kwa kuwa "ni ya macho tu", hupenya kwenye damu na kufanya kazi ile ile. Amodiakwini, iliyomo katika dawa ya malaria ambayo Zanzibar iliichagua mwaka 2003, huweza kupunguza mapigo kwa siku chache. Kwa kijana haina neno, kwa mzee anayemeza atenololi ni jambo jingine. Mwezi wa Ramadhani uangaliwe zaidi: mtu aliyekaukiwa na maji, figo zimelemewa, akakusanya vidonge vya siku nzima na kuvimeza futari kwa pamoja. Potasiamu ikipanda juu ya 6 kwa mtu kama huyo, figo, dawa na moyo huburutana chini vyote. Dawa yake ni kalsiamu ya mshipani, kushusha potasiamu na kusimamisha atenololi, na huenda asihitaji betri kabisa. Lakini asiachiwe aende zake, kwani kwa baadhi yao kizuizi hurudi hata dawa ikisimamishwa.

Aliyebaki na kizuizi cha kweli lazima avuke bahari, kutoka Pemba hadi Unguja au moja kwa moja Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hapa ndipo tunapotaka mwongozo wa ukurasa mmoja ubandikwe ukutani. Atropini miligramu 1, irudiwe kila dakika 3 hadi 5, isizidi 3 kwa jumla. Aghalabu haitasaidia kizuizi kikiwa chini, kwa sababu atropini inaondoa breki ya vagasi tu, na vagasi haina nguvu kubwa chini ya nodi ya AV. Watu hupoteza nusu saa wakiirudia. Afadhali adrenalini ya dripu: miligramu 1 katika mililita 500 ni mikrogramu 2 kwa kila mililita. Kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, matone 20 kwa dakika ni mikrogramu 2 kwa dakika. Mwisho ni mikrogramu 10, yaani matone 100. Mashine ya kushtua moyo inayoweza kuendesha mapigo kupitia ngozi iende na mgonjwa, betri imejaa. Kosa la kawaida ni kuona alama za mashine kwenye kioo ukadhani moyo unaitikia. Mguse kinenani upate mapigo. Shingoni hapafai, misuli ya shingo huruka kwa umeme wenyewe na kukudanganya.

Akirudi na betri, kila mtu anapumua. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mtu wa kwanza kupandikizwa betri ya moyo, Arne Larsson wa Sweden, aliwekewa na Åke Senning tarehe 8 Oktoba 1958, kifaa kikiwa kimetengenezwa na Rune Elmqvist. Kifaa hicho kilikufa baada ya saa chache. Larsson aliishi hadi 2001, kwa vifaa zaidi ya 20. Kila kilipochoka, palikuwa na mtu wa kukiangalia.

Wiki za mwanzo ncha ya waya unaotoka kwenye betri huwasha nyama ya moyo, kizingiti cha umeme unaohitajika hupanda, kisha hutulia ndani ya miezi 3 hivi. Kwa sababu hiyo nguvu ya betri huwekwa juu, tuseme volti 3.5. Mgonjwa akirudi, kizingiti kikakutwa volti 0.75, hushushwa hadi 2, na usalama unabaki. Asiporudi, kila pigo linaendelea kula nishati karibu mara 3 ya inayotakiwa, kwani nishati hufuata volti ikizidishwa kwa yenyewe. Saketi nayo ina matumizi yake, kwa hiyo umri wa betri haugawanywi kwa 3, lakini miaka inapotea. Hiyo ni fedha ya Serikali inayochomeka ndani ya kifua cha mtu kwa kukosa nauli ya boti. Ukinzani wa waya nao usomwe: chini ya omu 200 ganda la waya limepasuka, juu ya 2,000 waya umekatika au skrubu imelegea. Kwa wakweaji wa mikarafuu na wapiga makasia tuseme wazi: mkono usipande juu ya bega kwa wiki 6, na hata baadaye waya unaopita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza husagika kwa kazi ya kunyanyua mikono. Mfuko wa chini ya ngozi unaobeba betri ukivimba, asiuchome mtu sindano kunyonya damu, anaingiza vijidudu. Ukishaoza, vidonge peke yake havitaponya, kila kitu lazima kitolewe.

Kwa kuwa kompyuta ya kusomea betri haiwezi kuwa kila mahali, tunaomba sumaku ya duara kwa kila hospitali ya wilaya, na kompyuta yenyewe ifike Chake Chake kila baada ya miezi 3. Sumaku ikiwekwa juu ya betri, betri nyingi huanza kupiga kwa kasi maalumu, na kasi hiyo hushuka chaji ikikaribia kwisha. Muuguzi akiwa na ECG na kadi ya mgonjwa iliyoandikwa kasi hiyo, anajua. Tahadhari moja: kwa wale wenye kifaa cha kushtua moyo, sumaku huzima mshtuo, haibadilishi mapigo.

Na daftari. Tuseme watu 50 wamewekewa betri, 30 wakarudi kliniki, wote wazima. Ripoti itaandika asilimia 100. Kama katika 20 wasioonekana 10 wamekufa, ukweli ni asilimia 80, na ripoti haikusema uongo hata kwa sentensi moja. Asiyeonekana asihesabiwe mzima. Aulizwe kwa sheha na kwa wahudumu wa Jamii ni Afya, nyumbani kwake, katika wiki ya 6, mwezi wa 3 na mwezi wa 12: yu hai, ameanguka tena, mfuko ukoje, amerudi kazini? Pemba inaijua kazi hii. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, imefanya tafiti za kichocho na minyoo zinazotegemea kumrudia mtu shehiani kwake.

Daftari hilo litajibu pia suala la betri zilizotumika, ambalo litafika mezani kwako. Utafiti uliotangazwa mwaka 2020 uliwalinganisha watu 1,051 waliopewa vifaa vilivyosafishwa upya katika Mexico, Guatemala, Honduras na Jamhuri ya Dominika na watu 3,153 waliopewa vipya Kanada. Ndani ya miaka 2 maambukizo yalikuwa 21 na 38, asilimia 2.0 na 1.2, tofauti ambayo takwimu hazikuweza kuithibitisha. Tungependa Zanzibar ivipokee vifaa hivyo, kwa sharti kwamba hakipokelewi hata kimoja kabla daftari halijaanza kuandikwa, na kwamba kila utafiti wa moyo utakaopita kwenye kamati ya maadili ulete majibu ya mwezi wa 12, yakiwemo ya waliopotea.

Mwongozo wa ukurasa mmoja unaweza kuandikwa na watu waliopo, bila ya mshauri kutoka nje. Tunaomba uwe umebandikwa kabla ya msimu ujao wa karafuu.

Wako katika kazi,
Wauguzi, madaktari na mafundi wa vifaa tiba, Unguja na Pemba

Nakala: Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, Madaktari Dhamana wa Wilaya, Pemba